Nchi ya Watu Wasio na Kitovu

Jamani, nimelala mchana wa leo kwa hasira, na niliyoyaota siwezi kuyanyamazia. Tangu asubuhi nilikuwa nikizozana na binti yangu Aikande. Ua wetu wote nimeshautandazia matofali ya zege, hakuna tope wala majani makavu, ila lilibaki shina moja la mgomba karibu na tangi la maji. Hapo ndipo bibi yake Aikande alipozika kitovu cha mtoto huyo, kama tufanyavyo kwetu huku mlimani mtoto akizaliwa. Fundi aliposhika sururu, mtoto akaukumbatia ule mgomba, akalia mpaka sauti ikamkauka. "Mama, huu ni wangu!" Nami nikamfokea, "Mgomba ni mgomba tu, toka hapo!" Fundi akaona aende kwanza kula, akirudi amalizie. Nikajitupa kwenye kochi, kichwa kinaniwanga, usingizi ukanichukua.

Nikajikuta katika nchi nyeupe, ardhi yote imesakafiwa, jua linakupiga machoni kutokea chini. Kimya cha ajabu, hakuna mlio wa ndege, hata wa nzi. Akanipokea mama mmoja mtanashati, jina lake Bi Mazoea. "Karibu mwanangu," akasema, "hapa hakuna anayeumia. Kilichopo kinatutosha, na kilichoondoka hatukikumbuki." Nikaona raha, nasema kweli, maana nilikuwa nimechoka na vilio. Tukapita watu wakiruka kinda la ndege lililokufa njiani bila hata kulitupia jicho, mpaka tukafika kwa Bwana Usafi. Ameshika mwiko, pembeni yake karai la saruji, na mbele yake foleni ya watu waliopandisha mashati. Yesu wangu! Kila aliyefika alizibwa kitovu, akasawazishwa, akaondoka na tumbo laini kama sahani. Nikafunua blauzi yangu. Hola! Ngozi tupu.

Nje ya ukuta mfupi uliozunguka mahali pale palikuwa na mwanamke mwenye macho mekundu, nguo zimemchakaa, akaniita kwa upole. "Mimi ni Uchungu," akasema. "Hawa walinifukuza wakidhani mimi ni adui yao. Mungu aliniweka ndani ya mtu pamoja na mapenzi ya udongo na majani, ili akikatiwa kilicho chake ashtuke. Anayezoea kutokuulilia mti, mama, atazoea na kumruka jirani yake aliyeanguka. Ndivyo walivyoanza hawa, na hakuna aliyeona siku walipoacha kuumia. Sasa tazama foleni, upesi." Nikatazama. Aliyefuata alikuwa Aikande wangu, amepandisha gauni lake mwenyewe, macho makavu. Nikapiga yowe, sauti haikutoka. "Usihangaike," Bi Mazoea akaninong'oneza, "haitamuuma." Mwiko ukashuka.

Nikashtuka jasho likinitiririka, na huko nje nasikia sururu. Nikatoka mbio, peku. Mgomba ulikuwa umeshalala chini, utomvu unachuruzika, na fundi ameinua sururu juu ya shina lenyewe lililobaki na machipukizi yake. "Acha! Fundi, acha, nakuomba!" Akaishusha sururu. Aikande alikuwa amekaa kwenye ngazi, katulia tuli, hata hatazami. "Mwache tu amalize, mama," akasema. "Mimi sina shida."

Hapo nikaelewa kwamba kile kilio kilichonikera asubuhi ndicho kilichokuwa kizima kuliko vyote nyumbani kwangu, na ni mimi niliyekuwa nakiziba. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mabega. "Nisamehe, mwanangu. Ni wako. Hakuna atakayeugusa tena." Akageuzia uso kando, nikadhani nimechelewa. Kisha akanirukia kwa ngumi, za kifuani, za mabegani, analia kwa sauti ya kupasua, "Nilikuambia! Nilikuambia, mama!" Fundi akaja mbio kumzuia.

"Mwache anipige," nikamwambia, na nikamshukuru Mungu kwa kila ngumi.