Dekio Kichwa Chini

To.

Mama Kidoti alifumbua macho. Giza la alfajiri lilikuwa bado zito chumbani. Tone jingine likaanguka kwenye karai: to. Ni dekio tu. Alikuwa na vichwa viwili vya dekio, kimoja kazini na kimoja nyumbani, vikipokezana zamu, maana mwenye dekio moja hufuta uchafu wa jana kwa uchafu wa juzi. Hiki alikifua jana kwa maji ya moto akakitundika msumarini.

Akanusa vidole vyake. Bado. Msimamizi wa usafi chuoni alikuwa amenunua dawa ya sakafu ya bei ya kutupa, pipa zima lisilo na jina, na dawa hiyo ilinuka kama yai viza lililozamishwa kwenye mafuta ya taa. Ikikugusa mikono haitoki siku mbili. Sugua kwa limau, sugua kwa majivu, wapi! Ndiyo maana kwenye darasa la jioni, chuoni hapohapo anaposafisha asubuhi, alikaa nyuma kabisa, dirishani. Aliyeipenda harufu ile duniani ni mmoja tu, bintiye wa miaka mitano, ambaye hakupata usingizi mpaka avute mkono wa mama puani, kama watoto wengine wanavyovuta kona ya shuka.

"Amka, mwanangu. Jirani kasafiri, leo tunakwenda wote."

"Kwa Babu Tochi?"

Mama Kidoti akamfunua shuka. "Babu hayupo."

Babu Tochi, mlinzi wa lango, ndiye aliyekuwa akimshikia mtoto kila asubuhi, akimhadithia uongo mtamu mpaka jua lipande. Leo ilikuwa siku ya tisa yuko mahabusu, naye Mama Kidoti ndiye aliyemtia humo kwa mdomo wake.

Wasichana wawili wa darasa la jioni walikuwa wameuawa, wakipishana mwezi mmoja. Wa kwanza aliokotwa bwawani nyuma ya mabweni, wa pili mtaroni nyuma ya maktaba. Asubuhi baada ya kila kifo, kabla hata habari hazijaenea, Mama Kidoti alikuta dekio lake limetumbukizwa kichwa chini ndani ya ndoo, kwenye maji ya rangi ya kutu. Yeye huliegemeza ukutani kichwa juu, likauke. Mtu yeyote aliyewahi kudeki siku mbili mfululizo anajua hivyo. Nyuzi zilikuwa zimenasa nywele, akazinyofoa moja moja. Akakamua, akamwaga, akafua mpaka likawa jeupe, kisha akashuka langoni mbio.

"Babu, ukiazima cha watu, kirudishe kama cha watu!"

"Mimi nideki?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Marehemu mke wangu alinifunza miaka thelathini nikamshinda. Utaniweza wewe wa juzi?"

Hakumwamini. Askari walipokuja kuuliza kama ameona lolote lisilo la kawaida, akataja dekio. Funguo za stoo ya usafi wanazo nani? Wawili, akasema, mimi na Babu Tochi. Hakukusudia kudanganya. Ufunguo wa tatu ulikuwa ofisini kwa mkuu wa idara, ghorofa hiyohiyo ya pili, ukining'inia nyuma ya mlango. Lakini haukumjia kabisa akilini. Mkuu wa idara ni Daktari, mwenye vitabu hadi dari, mwalimu wao wa insha jioni. Daktari na dekio, wapi na wapi?

Sasa alifika ghorofa ya pili, mtoto mkono mmoja, mfuko wenye dekio safi mkono wa pili. Korido lilikuwa tupu. Sakafu mbele ya darasa lao iling'aa kwa mistari mistari, kama imerambwa. Mtu alikuwa amedeki kuanzia mlangoni kwenda ndani, kisha akatoka akikanyaga maji yake mwenyewe.

"Kaa hapa kwenye benchi, mama. Usiguse kitu."

Akafungua stoo, na uvundo wa ile dawa ukamvamia usoni.

Dekio lilikuwa kichwa chini ndani ya ndoo.

Babu Tochi yuko ndani siku tisa, na dekio liko kichwa chini. Mama Kidoti alisimama akiitazama ndoo. Juu ya maji palielea utando wa mafuta na fungu la nywele. Alilinyanyua dekio kwa ncha ya kidole, na kitu kikagonga ukingo wa ndoo, tiki. Kilikuwa kijiti cha miwani, cha rangi ya waridi, kimezungushiwa plasta. Plasta hiyo aliizungusha yeye, wiki iliyopita, chini ya dawati, huku mwenye miwani akinong'ona, "Dada, kaza basi, nitaonekana haramia."

Miwani. Ndivyo walivyomwita darasani. Jana jioni Daktari alikuwa amemwambia, "Wewe baki kidogo tuitazame insha yako." Na Mama Kidoti akaharakisha zake kwa sababu ya mtoto, hata kwaheri hakuaga.

Mikono yake ilikuwa tayari imeishika ndoo kwenda kumwaga. Iliishika yenyewe, kwa mazoea, na alipoiona imeishika, akaelewa. Mara mbili alikuwa amemwaga. Mara mbili alikamua nyuzi hizi kwa viganja hivi, akawakamua watoto wa watu kwenye karo, akasugua na limau juu. Kinyaa kilimpanda kutoka unyayoni. Akainama kwenye debe la taka akatapika, akatapika tena pasipo kitu cha kutoka. Kuna mtu alikuwa akiua, halafu akimwachia yeye afute. Hakuhitaji kuficha chochote. Alijua tu kwamba mfagiaji huyu ni msafi.

"Mchovya asali hachovyi mara moja," alijisemea, na neno asali likamkirihi.

Akarudisha ndoo palepale. Lo, ilimuwasha mikono! Akafunga stoo, akatia ufunguo kifuani, akampigia simu askari mmoja wa kike aliyemwachia namba siku ile ya maswali.

"Usisafishe," sauti ikasema. "Nipo karibu. Usisafishe hata tone."

Alipogeuka, Daktari alikuwa amesimama ngazini, shati limepigwa pasi, akinukia manukato ya kukaba koo na kutafuna pipi ya mnanaa.

"Mama Kidoti! Mapema namna hii. Ndiyo maana nasema kila siku, wewe ndiye mtu safi kuliko wote hapa chuoni."

Mama Kidoti akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Mbona kuna harufu? Hebu mwaga hiyo ndoo, mama, kabla wanafunzi hawajaja."

Ndoo ilikuwa ndani, mlango umefungwa. Hakuna aliyeitaja.

"Ufunguo nimeusahau nyumbani," akasema. "Akili yangu siku hizi ni chujio."

"Nina wangu." Akatabasamu. Meno yake yalikuwa na uzi wa kijani wa pipi. "Nikuletee?"

"Usisumbuke. Mtu wa kalamu ahangaike na stoo yangu?" Akasogea, mgongo ukagusa mlango. "Watu watanicheka."

Walitazamana. Aliona jicho lake likishuka shingoni kwake, kwenye uzi wa ufunguo, likatulia hapo. Alihisi kama amerambwa. Chini, lango liligongwa, na sauti ya msimamizi ikasikika ikimwongoza mtu: "Juu huku, afande."

Daktari hakustuka. Aligeukia benchi akachuchumaa mbele ya mtoto, mpole kama mjomba. "Na huyu mrembo je? Mama amesahau ufunguo, kumbe amekumbuka kutuletea zawadi." Akatoa pipi, akaimenya kwa kucha zake ndefu, akaishika kwa vidole viwili karibu kabisa na mdomo wa Kidoti. "Fungua."

"Kidoti, hapana!" Mama Kidoti aliruka, akamkamata bega.

Lakini Kidoti hakufungua mdomo. Alifanya alichofanya kila usiku tangu azaliwe: akaukamata ule mkono kwa mikono yake miwili, akauvuta puani, akavuta pumzi ndefu. Akauachia taratibu, amekunja uso.

Askari wa kike alikuwa amefika juu ya ngazi, msimamizi nyuma yake akihema. Daktari akaanza kusimama, mkono ukielekea mfukoni.

Kidoti akamgeukia mama yake, akasema kwa sauti iliyojaa korido zima:

"Mama, mkono wake unanuka kama wako."