Konti ya Iliasi

Simu yangu ilikuwa imechoka. Kufungua ujumbe mmoja wa sauti, ungeweza kuchemsha chai ukainywa ukamaliza. Nikaipeleka kwa Iliasi, fundi wa simu wa soko la Kasongo. Akasema dawa ni kufuta mfumo wote na kupakia mwingine mwepesi, ambao watu wanautengeneza wenyewe na kuugawa bure.

"Niweke na konti, akaunti ya kuchunga majina, ao bila konti, Mama Somo?" akauliza. "Bila konti, hakuna mutu ataona kitu yako, lakini simu ikipotea, majina yote inapotea. Na konti, hata ianguke mu maji, majina itarudia."

Mwaka jana simu yangu ilizama katika mto Lualaba, pale Nyangwe, nikakaa miezi nikiomba namba za watu. "Weka konti," nikasema. Sikuuliza konti ya nani. Mimi sina, wala sijui inafunguliwaje. Iliasi aliweka ile yake mwenyewe, kama anavyowafanyia wateja wote wasio nayo, kisha akanirudishia majina yangu humo.

Mimi ni somo. Binti akichumbiwa, mimi ndiye ninayemfunda, na baada ya harusi akikwama ananipigia mimi, si mama yake. Mficha uchi hazai, nawaambia siku ya kwanza, nao wananieleza yote. Nina Malaika watatu na Soraya wanne, kwa hiyo kila jina nililiandika na jambo lake ili nisichanganye. Mmoja ni Malaika wa vidonge. Huyo alizaa mara tatu kwa miaka minne, na mara ya mwisho nusura afe. Sasa anameza vidonge vya kupumzisha uzazi, na mumewe Djafari hajui. Djafari anataka watoto wa kutosha timu ya mpira.

Siku ya tatu nikaona kwenye simu yangu majina nisiyoyajua. Alain wa Lusangi. Mamy Muuza Samaki. Evariste Pikipiki. Nikakasirika, nikidhani Iliasi ananichezea. Kisha nikajiuliza: Kama majina yao yamekuja kwangu, yangu yamekwenda wapi?

Nilifika kibandani kwake nikihema.

"Konti ni moja, Mama Somo," Iliasi akasema, akikuna ndevu. "Jina ikiingia mu simu moja, inatembea mu zote."

"Simu ngapi?"

"Kumi na moja." Akaanza kuwataja wenyewe. Wa saba alikuwa Djafari.

Nikamwambia afute majina yangu yote, hapo hapo, nikimwona. Akafuta. Lakini Djafari alikuwa ameondoka jana yake kwenda machimboni Lusangi, ambako rezo, mtandao wa simu, inapatikana juu ya kilima tu. Jina lilikwisha kuingia kwake, na lingefutika tu, tena polepole, siku atakayopanda kilima. Na mimi nilibaki na simu nyepesi isiyo na namba hata moja ya watu wangu, hata ya kumwonya Malaika. Nikadandia pikipiki, nikamgombeza dereva njia nzima kwa kosa lisilo lake.

Malaika alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mtoto mgongoni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana kuketi kulinishinda. Aliuliza jambo moja.

"Uliniandika vile, Somo? Malaika wa vidonge?"

"Ndiyo."

Akaendelea kutwanga. Afadhali angenitukana.

Kabla sombe haijalainika, simu yake ikalia. Alikuwa Djafari. Malaika akaweka sauti kubwa, nami nikasikia upepo wa kilimani.

"Nimetafuta namba yako, naona iko na jina ingine," Djafari akasema. "Malaika wa vidonge. Vidonge gani? Na ni nani aliandika hii mu simu yangu?"

Nikanyoosha mkono nichukue simu, niseme ni mimi. Malaika akausukuma mkono wangu.

"Mimi njo niliandika," akasema. "Ni vidonge vya kupumzisha uzazi. Nilishindwa kukuambia na kinywa, Baba Yakubu, nikaandika pahali utaona."

"Tangu lini?" Djafari akauliza.

"Tangu nitoke hospitali."

"Nakuya kesho," Djafari akasema polepole. "Tutaongea." Simu ikakatika.

Malaika alikaa chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Miaka yote hii nawafunda watoto wa watu kutunza siri, na leo aliyeitunza yangu ni mwari wangu, niliyemwaga yake kwa sababu ya uvivu wa kuomba namba. Nikaanza kumtaka radhi. Hakunipa nafasi.

"Wengine uliwaandika vile wako ngapi?"

"Arobaini na wawili."

"Basi usikae, Somo," akasema. "Nenda sasa, kabla hawajapigiwa."