Onyo Lililozimwa

Thuwaiba aliinuka kitini, akaenda dirishani, akarudi, akakaa. Laptopu ilikuwa bado inamwambia lile lile: faili haikuonekana. Faili hiyo ilikuwepo jana, ilikuwepo mwaka jana, na leo, siku ya kwanza ya Ramadhani, mate yamemkauka na kichwa kinamgonga, ndiyo siku iliyochagua kutoweka.

Kosa lilikuwa lake, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Jana jioni laptopu ilimuuliza kama anataka mfumo endeshi mpya. Mtandao ulikuwa mzuri, jambo lisilo la kila siku hapa Siyu, naye akabonyeza "ndiyo" kama mtu aliyepitishiwa sinia la kahawa. Mfumo mpya ulipoingia ulihamisha kila kitu. Kompaila yake, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu yawe amri ambazo mashine inazielewa, ilibaki kama mpishi aliyetiwa jiko la watu: haijui sufuria ziko wapi, haijui chumvi iko wapi, na kila ikiambiwa ipike inalalamika.

"Bado?" baba yake aliuliza kutoka barazani.

"Bado katiti, Baba."

"Asubuhi nawe ulinambia katiti."

Mzee Abubakr ndiye aliyekuwa muadhini wa msikiti wa mtaa wao tangu Thuwaiba hajazaliwa. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru pole pole, mpaka akawa hatofautishi dirisha na ukuta. Kamati ya msikiti haikumwondoa. Mwenyekiti wao, Bwana Hamdun, alisema asiyeona huadhini, haina ubaya, maadamu yuko mtu wa kumwambia wakati. Mzee akakataa kata kata. Kuguswa bega kila sala, aambiwe sasa sema, sasa nyamaza, yeye? Afadhali akae nyumbani. Na kukaa nyumbani kungemuua, Thuwaiba alilijua hilo bila ya kuambiwa na daktari.

Ndipo alipomtengenezea kisanduku. Kilienea kwenye kiganja, na wakati wa sala ukiingia kilitetema mkononi mwa mzee bila ya mtu mwingine kujua. Kwa miaka minne mzee aliinuka mwenyewe, akashika kipaza sauti mwenyewe, akaadhini. Watu wa Siyu wakasahau kuwa haoni, naye pia nusu alisahau.

Kisha, mwisho wa Shaabani, kisanduku kilimponyoka akitawadha, kikatumbukia birikani, na huo ukawa mwisho wake.

Hamdun alikuja nyumbani na maneno matamu, ambayo kwake si dalili njema. Mpwa wake Husni ana simu, simu inajua nyakati zote, basi mzee apumzike. Mwaka jana mzee alipougua, huyo huyo Husni aliadhini alfajiri kwa simu iliyokuwa ikifuata saa za Nairobi, ambako jua huchelewa kuliko visiwani, na nusu ya mtaa wakala daku hali alfajiri imekwisha kuingia. Wengine walilipa siku ile huku wakinung'unika mpaka Mfunguo Tatu. Mwishowe wakaafikiana: kisanduku kipya kikiwa tayari kwa magharibi ya leo, mzee ataadhini. Kisipokuwa tayari, ni Husni, leo na siku zote.

Kifaa kipya kilifika jana kwa boti kutoka Amu, lakini kilikuwa cha namna nyingine, hakikubali programu ya zamani mpaka ipitishwe upya kwenye kompaila. Na kompaila ndiyo hiyo, imekaa inalalamika.

Alipanda juu ya dari akitafuta mtandao, akashuka. Akampigia Ndirangu, waliyesoma naye chuoni Mombasa, ambaye sasa yuko Nairobi na hajawahi kuiona kompyuta asiyodhani anaijua.

"Mfumo mpya unatupa vifaa vya zamani," Ndirangu alisema. "Pakua vifaa vyote upya. Halafu uiambie kompaila viko wapi."

Akapakua. Bando likaisha katikati, akanunua jingine, akasubiri huku akitembea kutoka mlangoni mpaka dirishani. Adhuhuri ikapita. Faili zikaonekana, kompaila ikatulia, kisha ikalalamikia jambo la pili, maktaba ya zamani ya programu saidizi isiyopatana na mfumo mpya. Akaibadilisha. Alasiri ikapita. Alikuwa akisikia fimbo ya baba yake ikigonga sakafu ya baraza, tak, tak, akatamani kumwambia aache, akajizuia.

Sasa likabaki jambo moja tu. Halikuwa kosa, lilikuwa onyo: katika mstari fulani, programu inachungulia nje ya safu, inatafuta namba pasipo na namba. Kompaila ya zamani haikuwahi kusema neno juu ya mstari ule. Hii mpya iliweka mguu mlangoni, hapiti mtu mpaka aeleze.

Akampigia Ndirangu tena.

"Hiyo warning ni kelele tu," alisema Ndirangu. "Code yako imefanya kazi miaka minne, si ndiyo? Izime ipite. Utairekebisha baada ya Idi."

Thuwaiba aliutazama mstari ule. Alijua kuwa onyo haliji bure. Lakini fimbo ilikuwa inagonga, na mwanga ukutani umekwisha kugeuka rangi. Akaongeza neno moja la amri, la kuinyamazisha kompaila. Ikanyamaza. Programu ikapita, ikaingia kwenye kifaa, taa ndogo ya kijani ikawaka, naye akahisi furaha ya mwizi aliyepita mbele ya askari.

Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akakipapasa pembe zote.

"Hiki ni kizito kuliko cha kwanza," alisema.

"Ni kipya, Baba."

"Mungu akupe kheri, mwanangu." Akakitia mfukoni mwa kanzu, akashika ndia ya msikitini peke yake, fimbo mbele, kifua mbele zaidi.

Thuwaiba alikwenda jikoni kumsaidia shangazi yake, Bi Zamzam, aliyekuwa akikaanga sambusa na kuukoroga uji kwa wakati mmoja. Angalipaswa kutulia. Hakutulia. Aliweka vikombe, akavihesabu, akavipanga upya, akavihesabu tena mpaka shangazi akamuuliza kama anasubiri posa.

"Toa tende," Bi Zamzam alisema. "Saa kumi na mbili ishaingia, magharibi i karibu."

Thuwaiba alisimama na sahani ya tende mkononi.

Kumi na mbili.

Katika programu yake kulikuwa na safu ya nafasi kumi na mbili, na kila nafasi ilishika dakika za ihtiyati, zile alizotaka baba yake ziongezwe kila sala ili isiadhiniwe mapema. Mashine huhesabu nafasi kuanzia sifuri, kwa hiyo ya mwisho ni ya kumi na moja. Naye, binti wa Siyu, alizipa saa zake hesabu aliyolelewa nayo: saa moja asubuhi, saa mbili, saa tatu, mpaka kumi na mbili. Saa zote zilikuwa na chumba katika safu ile isipokuwa moja. Saa kumi na mbili haikuwa na chumba, na magharibi huingia saa kumi na mbili na dakika zake. Kila magharibi, kwa miaka minne, programu ilikuwa ikitoka nje ya nyumba kuokota chochote ilichokikuta. Kwenye kisanduku cha zamani, kwa bahati, ilikuta sifuri.

Kwenye kipya itakuta nini?

Alikimbilia laptopu. Akaifanya iige kifaa kipya, akaiuliza saa kumi na mbili. Jibu likaja: kasoro tisa. Dakika tisa kabla ya jua kutua, kisanduku kitatetema, na baba yake atawafungulisha watu wa mtaa mzima mchana kweupe.

Hakuaga. Bi Zamzam alimwona akipita na buibui nusu mabegani, akamwita, hakuitika. Alipita vichochoro akiwaza yale yatakayosemwa. Akinyamaza, watu watakula jua lipo, na dhambi itakuwa shingoni mwa mzee. Akisema, atasema mbele ya Hamdun, mbele ya Husni, mbele ya watu wote, siku ile ile waliyokaa kumpima. Machozi yalimtoka kwa hasira ya nafsi yake, na hakupunguza mwendo. Lisilo budi hutendwa.

Msikitini watu walikuwa wamekaa, tende viganjani. Mzee Abubakr alikuwa amesimama tayari, kisanduku mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili. Alikigonga kipaza sauti kwa kidole, kikaitika juu ya paa. Akavuta pumzi.

"Baba, bado!" Thuwaiba alisema kutoka mlangoni.

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Sauti yake ilitoka juu ya paa la msikiti, ikaenda mtaa mzima, mpaka kwa Bi Zamzam na sufuria zake. Kila tende iliyokuwa ikielekea mdomoni ilisimama.

Watu waligeuka, wakaliona jua limekaa waziwazi juu ya mikoko, kisha wakamwangalia mzee, ambaye ndiye peke yake asiyeliona. Hamdun alisafisha koo.

"Basi, Bwana Abubakr," alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma Thuwaiba kuliko tusi. "Mpe kijana."

Husni alikwisha kuinuka. Mzee hakukiachia kipaza sauti. Uso wake ulikuwa umemwiva, na shavu lilikuwa likimcheza. Alikiweka kisanduku chini, pole pole, akakigeuza kipaza sauti kando, kisha akasema kuelekea mlangoni, mbele yao wote:

"Thuwaiba. Yua li wapi?"

Thuwaiba alijifuta uso kwa ncha ya buibui. "Li juu ya mikoko, Baba. Halijagusa."

"Nambie likigusa."

Wakangoja. Mzee alisimama kichwa kimeinama upande wa mlango, na watu wazima, wenye macho yao mawili mawili, wakamngojea binti asiyeingia ndani awaambie lile walilokuwa wakiliona wenyewe. Husni akakaa.

"Limegusa."

"Ee."

"Limebaki nusu. Limebaki ukingo." Akangoja ukingo nao uzame. "Limetwa, Baba."

Mzee akangoja kidogo, kadiri ya ihtiyati yake, akakirudisha kipaza sauti mdomoni, akaadhini. Sauti haikutetereka popote. Alipomaliza, Hamdun alikuwa wa kwanza kumtia tende mkononi, lakini mzee hakula mpaka apapase ukuta hadi mlangoni, alipokuwa amesimama binti yake.

"Kesho usiye mbio," alimwambia. "Ndoo mapema, unambie yua."