Siku Refa Alipofunga Viatu Mwenyewe

Nyaraka za makao makuu zilikuja kila Ijumaa, mvua inyeshe, jua liwake. Zilitumwa kwa barua pepe kwa wasimamizi wote wa vituo vya afya na makao ya wazee, na zote zilianza kwa maneno yale yale: "Kwa utekelezaji wenu." Sabuni ya maji isitumike tena, itumike ya mche. Sabuni ya mche isitumike tena, irudishwe ya maji. Gari la kituo lisiegeshwe chini ya mti. Glavu zilizotumika zisifuliwe wala kuanikwa.

Msimamizi wa makao ya wazee yaliyokuwa nyuma ya hospitali alizichapa zote na kuzibandika kwenye ubao wa korido, kila kona ya karatasi na pini yake. Ndiyo maana wahudumu walimwita Mama Waraka. Alijua wanamwita hivyo, na hakukasirika. Alikuwa ameanza kazi katika jengo hilo hilo akifua mashuka, na aliamini kwamba kilichoandikwa kina heshima yake.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha kompyuta aliinamisha kichwa na kusali sala fupi: Mungu amjalie kuyaelewa yaliyoandikwa na watu wenye haraka. Sala ilikuwa nzuri. Shida ni kwamba yeye naye alikuwa na haraka. Ukurasa wa kwanza aliusoma kwa kidole, neno kwa neno. Zilizobaki aliziruka kama mtu anayevuka barabara yenye madimbwi.

Ijumaa hiyo waraka ulikuwa na kichwa cha habari kisichomtisha: "Ujio wa maafisa wa tathmini katika makao ya wazee." Chini yake palielezwa kwamba maafisa wangepita wiki inayofuata, kwenye makao haya ingekuwa Jumanne, na wasimamizi watoe ushirikiano. Kisha zikafuata kurasa nyingine zenye majedwali na vifungu.

"Jumanne tuna wageni," aliwaambia wahudumu.

Hakuhitaji kuongeza neno. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake ya wageni, na iliijua kama mtu anavyoijua njia ya chooni kwake gizani. Mashuka ya maua yalitolewa kabatini. Sakafu ilisuguliwa kwa dawa mpaka ikawasha macho. Wanaume walinyolewa ndevu, wanawake wakasukwa. Wazee wenye kulia ovyo au kuvua nguo mbele za watu walipelekwa chumba cha nyuma kwenye redio, na wenye kauli nzuri wakapangwa sebuleni, mbele.

"Funika kombe mwanaharamu apite!" aliimba mhudumu mnene wa zamu ya asubuhi, huku akipiga deki.

Kwa njia hiyo makao yalikuwa yamesifiwa miaka mingi. Cheti cha sifa kilitundikwa ukutani, pale jicho la mgeni linapoangukia kwanza.

Mbele ya wote alikaa Refa. Alikuwa amechezesha mpira wa miguu tangu ujana wake hadi magoti yalipogoma, na bado alivaa kipenga shingoni. Alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Zilikuwepo siku miguu ilimtii, na zilikuwepo siku, nazo ndizo nyingi, miguu iliganda sakafuni kama imepigwa misumari, na mkono ukamwagia chai kifuani. Mwanawe alikuwa amefariki. Alikuwa amebaki na mkaza mwanawe, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo na kuishi kwenye ghorofa isiyo na lifti. Kabla ya kuletwa hapa, Refa alianguka jikoni kwa mkaza mwana huyo asubuhi, akalala pale sakafuni mpaka yule dada aliporudi kazini jioni. Tangu siku hiyo hakupenda mtu aitaje sakafu ile.

"Jumanne nitasimama bila fimbo," alimwambia Mama Waraka. "Refa hachezeshi mechi akiwa ameegemea kitu."

"Ukiweza, mzee wangu."

"Nikiweza? Kadi ya njano hiyo, mwanangu. Kumtilia refa shaka."

Jumanne asubuhi simu ililia ofisini. Alikuwa msimamizi mwenzake wa makao ya upande wa pili wa mji, shoga yake wa siku nyingi.

"Shoga, umeamkaje?"

"Salama. Nangoja wageni. Nyumba inang'aa."

"Inang'aa?" alishangaa mwenzake. "Shoga, ule waraka umeusoma mpaka mwisho?"

Mama Waraka aligeukia mlango wa korido.

"Hawaji kukagua nyumba. Wanakuja kupima wazee. Mzee anayejimudu anarudishwa kwao, kitanda anapewa mwingine. Jana walikuwa kwangu. Nami nilikuwa nimewavalisha wazee suti! Wanne wanaondoka. Wanne, shoga yangu."

Aliweka simu chini, akaenda kwenye ubao na kufunua karatasi hadi ya mwisho. Maneno yalikuwa pale, yamekaa kimya, wala hayakujificha. Kifungu kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi: wakati wa tathmini, msimamizi au mhudumu asimjibie mzee, asimkumbushe, asimsaidie, wala asitoe maoni juu ya hali yake. Alikisoma kifungu hicho mara mbili kwa kidole. Alikuwa bado amekishika geti lilipogongwa.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya chini na sauti ya upole. Alimsalimia kila mzee kwa heshima, akavuta kiti na kukaa mbele ya Refa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu uwanjani."

"Asante. Asubuhi unavaa mwenyewe?"

"Tangu nilipoachishwa ziwa."

Afisa akatabasamu, akaandika. "Na kula?"

"Kula hakujawahi kunishinda. Labda chakula chenyewe kinishinde."

"Huwa unaanguka?"

"Nimewaona wengi wakianguka. Wengine wakijiangusha makusudi, kwenye eneo la penalti. Mimi nasimama."

Akasimama kweli. Akaacha fimbo kitini na kutembea kutoka sebuleni mpaka mlango wa korido, mgongo umenyooka, kipenga kikining'inia kifuani. Kisha akarudi. Aliketi, akainama na kufunga kamba za viatu vyake, kiatu cha kulia, halafu cha kushoto. Wazee wengine walimpigia makofi.

Mama Waraka alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani. Alijua kwamba vidole vile havikuwahi kufunga kamba tangu msimu wa mvua uliopita. Alijua pia kwamba Refa alikuwa anatumia nguvu za wiki nzima kwa dakika chache, kama mtu anayevunja akiba yote kwa ajili ya harusi. Mdomo wa Mama Waraka ulifunguka. Afisa akamtazama, si kwa ukali, akamtazama tu. Mdomo ukafungwa. Nyuma ya mlango mhudumu mnene alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Vizuri sana, mzee," alisema afisa, akaandika alama.

Alipomaliza na wazee wa sebuleni, aliingia ofisini kufunga mkoba. Mama Waraka alifunga mlango.

"Mama, kuna jambo nataka kusema."

"Kama ni la mzee yeyote, waraka umekataza. Nadhani umeusoma."

"Nimeusoma." Hakusema lini. "La mzee silisemi. Nasema la nyumba. Nyumba hii uliyoiona leo siyo yetu. Tuliipamba. Mashuka haya hutolewa wakija wageni. Huko nyuma kuna chumba hukukiona, na kina watu. Nilidhani unakuja kukagua, nikafanya tunavyofanya siku zote. Nakuomba urudi. Usiniambie siku."

Afisa aliacha kufunga mkoba. "Wengi huniomba nisirudi."

"Najua."

"Na unaelewa kwamba nikija hivyo nitaandika nitakachokiona? Chote. Si wazee peke yao."

Mama Waraka aliangalia dirisha la ofisi, lililotazamana na cheti ukutani. "Andika, mama."

"Basi alama za leo nitaziweka kando," alisema afisa. "Siku siisemi."

Jioni ile Refa alilala mapema bila kuvua viatu, kwa sababu hakuweza kuvivua na hakutaka kuomba. Mama Waraka alipoingia kumvua, alikuwa macho. Mkono wake ulikuwa ukigonga ukingo wa kitanda, taratibu, bila kukoma.

"Nilichezesha vizuri?" aliuliza.

"Ulichezesha vizuri, mzee."

Alitaka kumwambia. Lakini alimfahamu Refa: akijua mgeni atarudi, atajikaza tena, hata kama itamvunja. Akamfunika shuka, akatoka. Korido nzima alikuwa akimwomba Mungu amsamehe, na hakujua hasa kama anaomba msamaha wa kusema au wa kunyamaza.

Asubuhi iliyofuata aliwakusanya wahudumu. "Hakuna maandalizi. Fanyeni kazi kama kila siku."

"Kila siku ipi, bosi?" aliuliza mhudumu mnene. "Hii yetu yenyewe?"

"Hiyo hiyo."

"Hata chumba cha nyuma?"

"Kifunguliwe."

Mhudumu mnene alishika kiuno, akatikisa kichwa. "Basi tuagane kabisa, maana tumekwisha."

Afisa alirudi wakati wa chai ya asubuhi, siku ambayo mashine ya kufulia ilikuwa imegoma. Mashuka yenye mkojo yalirundikwa mlangoni, na harufu ilimpokea kabla ya mtu yeyote. Bibi mmoja alipita koridoni na gauni begani badala ya mwilini, akimtafuta dada yake aliyekufa zamani. Mhudumu mmoja alikuwa akilisha wazee watatu kwa zamu, kijiko hapa, kijiko pale. Afisa hakukunja uso. Aliandika.

Refa alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulia. Alikuwa na kiatu mguu mmoja, na shati lake lilikuwa limelowa chai hadi tumboni. Miguu ilikuwa imeganda. Mbele yake mhudumu mnene alikuwa ameweka unyayo wake mkubwa sakafuni, mlalo, kama kizingiti.

"Haya Babu Refa, huu ndio mstari wa goli. Uruke. Ukiuruka tu, goli!"

Ilikuwa mbinu yao. Miguu iliyokataa kutembea kwenye sakafu tupu ilikubali kuvuka kitu. Refa aliinua goti, likashuka pale pale. Akainua tena. Mara ya tatu akauvuka unyayo, akayumba, na mhudumu akamdaka kifuani.

"Goli!" alisema mhudumu, kisha akamwona afisa amesimama nyuma.

Refa naye akamwona. Alijaribu kunyoosha mgongo. Mgongo haukunyooka. Alijaribu kufunika shati kwa mkono, na mkono ukawa unalipigapiga lile doa kama unalionyesha kwa watu.

"Shikamoo, mzee," alisema afisa.

"Marahaba. Kumbe kuna mechi ya marudiano. Na mimi sikutangaziwa."

Maneno yalielekezwa kwa afisa, lakini macho yalimwendea Mama Waraka, yakakaa hapo muda mrefu. Hakuwa na pa kuyakwepa.

Matokeo yalikuja kwa barua pepe. Refa atabaki na kitanda chake, yeye na wenzake wote isipokuwa mmoja, babu mwenye afya njema ambaye kwa kweli alikuwa anataka kwenda kwao. Barua ya pili ilihusu nyumba. Ilikuwa ndefu. Ilitaja harufu, mashine, uhaba wa wahudumu na chumba cha nyuma, na ikaagiza cheti kishushwe mpaka ukaguzi mwingine. Mama Waraka aliichapa, akaibandika kwenye ubao pamoja na zingine, kila kona pini yake. Cheti alikishusha mwenyewe. Kilichobaki ukutani ni mraba mweupe kuliko rangi inayouzunguka.

Mkaza mwana alikuja kumtembelea Refa, akaushika mkono wa Mama Waraka kwa mikono yote miwili. Refa hakumsemesha Mama Waraka hata neno. Akisalimiwa, aligeukia dirisha. Akiletewa dawa na yeye, alingoja mpaka aletewe na mwingine. Wahudumu walijifanya hawaoni. Yeye aliendelea na kazi, na kila asubuhi kwenye ile sala yake fupi aliongeza jina moja.

Ijumaa waraka mpya ulifika. Alikaa mezani, akaanza kuusoma kwa kidole. Ulihusu utunzaji wa ndoo. Alikuwa amefika kurasa za mwisho aliposikia fimbo mlangoni.

"Mama Waraka."

"Naam, mzee." Alisimama.

"Yule binti ulimwita wewe."

"Nilimwita mimi."

"Bila kuniambia."

"Ningekuambia, ungefunga viatu."

Refa alifikiri juu ya hilo. "Ningefunga," alikubali. "Hata kwa meno." Kisha akainua mkono wake mtupu juu, kama aliyeshika kadi, na mkono ukatetemeka hewani. "Njano."

"Nimepokea, refa."

"Halali yako ilikuwa nyekundu. Usidhani umesamehewa. Umemdhalilisha mzee mbele ya mgeni." Akaushusha mkono, akatazama chini. Kamba ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imefunguka, inaburuta sakafuni. "Lakini nikikutoa uwanjani, hii atanifunga nani? Yule mnene hukaza mpaka damu inasimama."

Mama Waraka aliusogeza waraka kando, akazunguka meza na kupiga magoti.

"Isibane," alisema Refa juu ya kichwa chake.

"Haibani."

"Bado naona inabana."

Akailegeza, akaifunga upya. Refa aliujaribu mguu, akaguna, akageuka na fimbo yake kuelekea koridoni. Mama Waraka alirudi kitini, akaweka kidole pale alipoishia, akasoma kuhusu ndoo mpaka mwisho.