Marjukka Akaomba Kichwa Kigeuzwe

Niliapa sitamwambia mtu mpaka Ijumaa. Basi leo ni Ijumaa, na nikikaa kimya dakika moja zaidi nitapasuka!

Naitwa Saimi. Nimemaliza chuo mwezi wa tano, nimesomea usaidizi wa daktari wa meno, na kazi yangu ya kwanza ndiyo hii: kliniki ya Dokta Marjukka hapa Kuhmo, mji mdogo wa Ufini, chumba kimoja na jiko dogo la kahawa nyuma. Ukitaka daktari mwingine, endesha kilomita mia mpaka Kajaani. Wakati wa theluji, kila la heri.

Sasa, shingo ya Marjukka ilikuwa imegoma. Miaka ishirini na mitatu ya kujikunja juu ya vinywa vya watu! Akirudisha gari nyuma hawezi hata kugeuka kuangalia. Siku moja, huku anaosha vikombe, akasema kama anataja hali ya hewa: "Saimi, wauza viti wanatuletea kiti kipya cha wagonjwa, tukijaribu wiki mbili. Kisiponisaidia, wanakichukua, na mimi nafunga. Nitachuma matunda msituni. Usimwambie mtu mpaka Ijumaa ya kumaliza hizo wiki mbili."

Kiti kikaja. Jamani, kiti! Mgongo wake mwembamba, ili daktari aingize magoti chini. Sehemu ya kichwa inainama upande wowote. Kinapanda na kushuka bila hata mlio. Wagonjwa wakalala, nikawauliza kikoje, wakajibu, "Si kibaya." Kwa watu wetu, hapo mtu amepiga vigelegele.

Lakini Marjukka bado anameza vidonge vya maumivu. Wiki ya kwanza ikaisha, shingo ni ileile. Nikaanza kumchungulia. Anamlaza mgonjwa, anamuuliza taa haimuumizi, blanketi anataka? Mgonjwa akisharidhika, ndipo yeye anakaa, na anajipinda kumfuata alipo. Mgonjwa yuko peponi, daktari kama msumari uliogongwa vibaya.

Chuoni tulifundishwa kinyume kabisa. Daktari anakaa kwanza, nyayo sakafuni, mabega yamelegea, halafu anakipandisha kiti mpaka kinywa kimfuate yeye. Na mgonjwa anaambiwa ageuze kichwa.

Jumatatu, kwenye kahawa, nikashindwa kuvumilia.

"Dokta, mbona humwambii mtu ageuze kichwa?"

Akanitazama kama nimemtuma akaombe chumvi kwa watu asiowajua. "Mtu amekuja na maumivu yake. Nimsumbue tena?"

"Kugeuza kichwa ni kusumbuliwa?"

"Si adabu, Saimi."

"Na kufunga kliniki ndiyo adabu?"

Akarudisha kipande cha mkate wa iliki kwenye sahani. Nikajua nimevuka mpaka, ila mdomo wangu ukishafunguka haufungiki. "Dokta, lala kwenye kiti."

"Nini?"

"Lala tu, nakuomba."

Akalala. Nikakaa kwanza mimi, nikakanyaga pedali, kiti kikapanda. "Geuza kichwa kwangu, kadiri unavyoweza. Bado. Kidevu juu. Haya, nimekusumbua?"

"Hapana," akasema polepole. "Hata kidogo."

Jumanne asubuhi akaja Taisto, dereva mstaafu wa malori ya magogo. Jino lake ni la nyuma kabisa, juu, lile la kumvunja mtu shingo. Marjukka akakaa kwanza. Akapandisha kiti. Uso ukawa mwekundu kama katoka sauna.

"Taisto... kama si usumbufu... unaweza kugeuza kichwa kidogo kwangu?"

Taisto akageuza. "Hivi? Au zaidi?"

"Zaidi kidogo."

"Dada, miaka kumi na tisa nakuona unanizunguka kama mtu anayetafuta funguo chini ya gari. Nikawa najiuliza, huyu mbona haombi? Kichwa changu kinageuka vizuri tu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niingilie kazi ya mtu?"

Nilicheka mpaka bomba la kunyonya mate likaniponyoka.

Dakika arobaini Marjukka alikaa wima kama yuko kanisani. Katikati nikasikia mkoromo, nikadhani mashine imeharibika. Alikuwa Taisto! Kalala fofofo, kinywa wazi, jino linazibwa.

Tangu hapo kila mgonjwa akaombwa, na hakuna aliyekataa. Jumatano vidonge vikabaki kwenye droo. Jana pia.

Leo bwana aliyetuletea kiti kafika na gari lake, kasimama mlangoni. "Haya, nikipakie?"

Marjukka alikuwa dirishani, amempa mgongo. Zamani angegeuka mwili mzima kama kabati. Leo kageuza kichwa peke yake, taratibu, mpaka akamwona.

"Si kibaya," akasema.

Bwana yule ni mtu wa hukuhuku, akaelewa. Akaenda kufunga mlango wa gari, akarudi, akavua viatu, akauliza kama kuna kahawa.