Salamu ya Mastura

Mastura asingekuwa na kazi leo kama si mimi. Nasema wazi, bila haya, na mgeni yeyote anayefika kwenye kituo chetu cha pweza hapa Kilwa Masoko huwa namwanzia hapo hapo.

Alitoka Kiranjeranje. Homa ya utotoni ilimwachia uziwi, na shule ikamwachia lugha ya alama, ambayo anaisema kwa kasi kuliko mama zetu wakisutana. Bi Zuwena, msimamizi wetu, alimpa wiki moja ya majaribio kwenye meza ya kusafishia. Jumamosi angeamua: abaki, au arudi kwao akapalilie mikorosho.

Sasa, meza ile ina mwenyewe. Bi Kazija anasafisha pweza tangu mimi sijazaliwa, tena ameinama, uso karibu uzame kwenye beseni. Asubuhi hainui kichwa. Unapita, unasema "Shikamoo Bibi," yeye anaitika "Marahaba" hukohuko chini, basi, umeshahesabika kuwa mtu. Usipomwamkia, hata kisu hakuazimi.

Siku ya tatu akamwita Bi Zuwena.

"Mimi kiziwi simkatai. Namkataa asiye na adabu. Ananipita kila asubuhi kama anapita kisiki! Mtafutie meza nyingine."

Meza nyingine hatuna. Bi Zuwena akashika kiuno, akaangaza macho, yakatua kwangu. Nilikuwa nimeshawatangazia wote kwamba lugha ya alama naijua. Si naitazama kila jioni kwenye taarifa ya habari, yule mkalimani wa pembeni?

"Saad, leo ndiyo siku yako. Mwambie awe anaamkia wakubwa."

Nikaenda. Nikamwinamia Mastura sikioni, nikapiga ukelele: "U-WA-AM-KI-E!" Nikaongezea mikono, kulia, kushoto, juu, mpaka kule mlangoni, kama mtu anayefukuza ngedere shambani.

Mastura akaitazama mikono yangu. Akautazama mlango. Akavua aproni, akaikunja taratibu, akaiweka mezani, akatoka na machozi yamemlenga.

"Umemwambia nini?" Bi Zuwena akauliza.

"Ulichonituma."

Aliyemkimbilia ni Batuli wa mizani. Alama hajui hata moja, lakini alimshika mkono akamrudisha ndani. Akamwonyesha Bi Kazija kwa kidole, akainama kama anayeamkia mkubwa, akamwonyesha tena. Uso wa Mastura ukafunguka. Akazunguka meza, akachutama mpaka macho yake yakawa sawa na beseni, akaweka kiganja juu ya mkono wa yule bibi, hivyo hivyo ulivyojaa wino wa pweza.

Bi Kazija akainua kichwa.

Mastura akampa salamu yake: mkono, kichwa kikiinama, midomo ikitamka bila sauti.

"Hivyo ndivyo anavyofanya kila asubuhi," Batuli akasema. "Mimi namwona kutoka kwenye mizani. Nilidhani na wewe unamwona, Bibi."

Bi Kazija akaitika: "Marahaba, mwanangu." Akakumbuka sauti haifiki. Akafuta mikono kwenye kanga, akamshika kichwani. "Jamani, hii marahaba yenyewe inaitikiwaje kwa mkono?"

Akafundishwa palepale. Vidole vya uzee vikagoma, akavilaani, akarudia mpaka vikatii. Kisha akaamuru meza igeuzwe tukae tunatazamana, na anayetaka kusema na mwenzake agonge ubao kwanza. Zamani mashine ya kusaga barafu ikiwashwa tulikuwa tunapayuka mpaka koo linauma, na hakuna aliyesikia kitu. Siku hizi inanguruma peke yake, meza nzima inapiga umbeya kwa mikono.

Jumamosi Bi Kazija hakungoja kuulizwa. "Huyu haondoki. Labda tuondoke wawili."

Sasa niambie: nisingemtoa mimi, Batuli angemrudisha nani?

Basi jana walikuja akina mama wa Miteja. Wanabangua korosho, wanataka kumwajiri binti kiziwi, wakaja kuona sisi tunafanyaje. Nikawapokea. Nikawaeleza nilivyosimama kidete kumtetea Mastura, nilivyowafundisha wenzangu alama, moja baada ya moja. Wakaanza kucheka. Nikadhani nimewakolea, nikaongeza mikono. Wakazidi. Nikageuka.

Mastura amesimama nyuma yangu, ameinamia ndoo tupu, mdomo kaupanua kama anataka kuimeza, mikono kulia, kushoto, juu, mpaka kule mlangoni. Ngedere wote wa Kilwa walikuwa mbioni. Halafu akavua aproni, akaikunja taratibu, akanitazama, akasema kitu kwa vidole.

"Anauliza," Bi Kazija akatafsiri, kisu kimetulia mezani, "hapo ulishawafikisha wageni, au bado?"