Kioo cha Mbele Kushoto

"Klachi, Mzee! Klachi! Klachi!"

Mzee Mstaafu akakanyaga breki. Gari likaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba, likazima katikati ya barabara. Tipa la kokoto lililokuwa mbele yao likaenda zake bila habari, likidondosha mzigo njia nzima. Kokoto moja ilidunda kwenye lami, ikaruka juu na kupiga kioo cha mbele upande wa kushoto, usawa wa pua ya Mama Klachi.

"Nimegonga nini, Mwalimu?"

"Hujagonga, umegongwa. Washa gari, tukae pembeni."

Mpaka wanafika pembeni, ufa ulikuwa umeshatambaa kutoka kushoto hadi mbele ya usukani, bila haraka, kama mgeni anayejua atalala hapo hapo.

Mama Klachi alikuwa mwalimu wa udereva. Jina lake halisi lilibaki kwenye leseni tu, kwa sababu neno klachi lilimtoka mdomoni mara nyingi kuliko salamu. Shule yake nzima ilikuwa gari hilo moja jeupe, lenye breki ya ziada miguuni pake na mlango mmoja mwekundu. Na kesho asubuhi askari wa usalama barabarani alikuwa anakuja uwanjani kuwatahini wanafunzi wake watatu, Mzee Mstaafu akiwa mmoja wao. Kwa gari lenye ufa hatahiniwi mtu. Mtihani ungesogezwa hadi miezi ijayo, wanafunzi wangedai ada zao, na ada zenyewe zilikwisha kuliwa na mwenye nyumba.

"Mimi nimeshaanguka mara mbili," Mzee Mstaafu alisema kwa unyonge. Maisha yake yote ya kazi alipanga mafaili ya watu wengine, na sasa alitaka kuendesha kitu kabla macho hayajagoma.

Mama Klachi akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa gereji ya mtaani. Ule mlango mwekundu ulikuwa kazi yake. Aliahidi kuupaka rangi nyeupe wiki ijayo, na wiki hiyo ilikuwa haijafika mwaka wa tatu sasa.

"Kioo kipo, shemeji," fundi alisema. "Kimetumika, lakini kinaona vizuri. Lipa taslimu, jioni unaondoka nacho."

"Kinaona?"

"Utakayeona ni wewe. Chenyewe kinapisha tu."

"Asante, shemeji. Mimi nina bima kubwa."

Aliyatamka maneno hayo kwa raha. Kila mwaka alilipa bima kubwa, wakati watu wote mtaani walilipa ile ndogo ya kumwonyesha askari, na kila mwaka mumewe alimcheka kwamba anamsomeshea mwenye kampuni watoto wake. Leo angemfunga mdomo.

Ofisi ya bima ilikuwa na ubaridi wa kutunzia nyama. Kijana mwenye tai aliwapokea kwa tabasamu.

"Pole sana, mama. Kioo kimo kwenye bima yako, tena hukatwi hata senti. Ila ukidai, lile punguzo lako la kutodai linaondoka mwakani."

"Liende, limekaa sana. Nataka kujua kitu kimoja tu, mwanangu. Nani atalipa kioo?"

"Sisi, mama! Wewe niletee ripoti ya polisi tu."

Kituoni mapokezi alikaa afande mwenye kitambi, akipuliza chai. Mzee Mstaafu alikuwa bado yumo safarini. Mtihani ni wake, na nyumbani hakuna aliyemngoja.

"Eleza," afande alisema.

"Jiwe limepiga kioo."

"Wapi?"

"Mbele. Kushoto."

Afande akaandika, akijisomea kila neno. "Kioo... cha mbele... kushoto. Namba ya gari lililorusha?"

"Sikuiona."

"Kwa nini hukuiona?"

"Kioo kilikuwa kimepasuka, afande."

"Na jiwe lenyewe mmekuja nalo?"

Mzee Mstaafu akajipapasa mifuko. Ni mtu wa kutii.

Afande akatoka nje kulikagua gari. Akalizunguka, akagusa ufa kwa kidole, akageuka. "Nani kaliendesha mpaka hapa?"

"Mimi."

"Na kioo hiki?"

"Ndicho nilichokuja kukiripoti."

"Kuendesha gari lenye kioo kilichopasuka ni kosa."

"Sasa ningelifikishaje hapa, afande? Ningelibeba mgongoni?"

"Yapo magari ya kuvuta."

Akamwandikia faini. Mama Klachi alilipa akisaga meno, akapewa ripoti ya ajali na risiti ya kosa kwa mkono uleule. "Kesho ninayetahini ni mimi," afande alisema akirudi kwenye chai yake. "Nisije nikauona ufa huu uwanjani."

Kule kwenye bima, kijana mwenye tai alibonyezabonyeza kompyuta, akaisoma ripoti, akabonyeza tena. "Tayari, mama! Imeidhinishwa. Nenda gereji yetu, kioo chako kinakusubiri."

Nje Mama Klachi akampigia fundi, wala si kwa shida yoyote. "Shemeji, mwambie kaka yako kioo kimepatikana. Kipya. Bure."

"Bure ghali, shemeji."

"Wivu huo."

Gereji ya kampuni ilikuwa na sakafu ya vigae, na mafundi wake walivaa ovaroli zisizojua grisi. Mtunza stoo alipokea karatasi, akaingia ndani, akarudi na kasha la ukubwa wa kasha la viatu. Akaliweka mezani.

Mama Klachi akalitazama. "Kioo kizima kimeingiaje humo?"

"Labda kinakunjwa," Mzee Mstaafu alisema.

Mtunza stoo akafungua. Ndani ya nailoni kilikaa kioo cha pembeni, kile cha kutazamia magari ya nyuma, kipya, kinang'aa, kwa ajili ya mlango wa mbele wa kushoto.

"Hiki siyo!"

"Kioo, cha mbele, kushoto," mtunza stoo alisoma. "Cha kulia tunacho pia, ila wewe umeandikiwa kushoto."

"Baba, mimi kimepasuka kioo cha mbele! Hiki kikubwa! Hebu chungulia nje!"

"Mimi nafuata karatasi, mama. Sichungulii."

Akampigia simu kijana mwenye tai. Kijana alikuwa na adabu ileile. Kampuni inafuata ripoti ya polisi. Akitaka kioo kingine, alete ripoti nyingine.

"Basi chukueni hiki, nianze upya."

"Dai la kioo ni moja kwa mwaka, mama, na lako limeshalipwa."

"Na punguzo langu?"

"Hilo limeshaondoka."

Mama Klachi akakata simu. Akakitoa kile kioo kwenye nailoni, akakiinua. Humo alimkuta mwanamke mwenye vumbi la kokoto kwenye nyusi, kitambaa kimelegea kichwani. Akacheka, kisha akafuta macho kwa kiganja. Miaka yote ile alijinyima, akajiona mjanja kuliko mtaa mzima.

"Asubuhi nimeuliza nani atalipa," alimwambia Mzee Mstaafu. "Ona, wamenipa kioo nimtazame."

Jioni alifika kwa shemeji yake amenuna, akijiandaa kuchekwa. Fundi hakucheka. Alikitwaa kioo cha pembeni, akakigeuza huku na huku. "Cha kampuni! Vioo hivi vinaibwa kila siku, wateja wananililia. Niachie hiki, nakukatia nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Mfundishe mke wangu gari. Ila usimpigie makelele."

"Hilo la makelele siahidi."

Kioo kilichotumika kikaingia, kikapakwa gundi, kikakaa. Kwenye kona yake kulikuwa na stika ya bima ya gari jingine, ya zamani, iliyogoma kubanduka hata kwa wembe.

"Iache," Mama Klachi alisema. "Huyo naye alilipa."

Asubuhi uwanjani, wale wanafunzi wengine wawili walifaulu. Zamu ya Mzee Mstaafu ilipofika, afande aliketi mbele kushoto na Mama Klachi akakaa nyuma, akiuma ulimi ili neno lake lisimtoke. Gari liliruka mara moja tu. Mzee akapita kwenye mapipa, akarudi kinyumenyume, akakumbuka mpaka breki ya mkono.

"Swali la mwisho," afande alisema. "Jiwe likipasua kioo chako barabarani, utafanya nini?"

Mzee Mstaafu akafikiri sana. "Jibu la kitabuni, afande, au la jana?"

Afande akakohoa. "La kitabuni."

"Naripoti polisi."

"Sawa." Afande akatia saini, akampa karatasi yake, akashuka. Mama Klachi akahamia mbele. Alitaka kumshukuru Mungu, lakini afande alikuwa hajaenda. Alisimama ubavuni, kichwa kimeinama upande mmoja, akiutazama ule mlango mwekundu kana kwamba umeota usiku.

"Mwalimu," aliita, huku akipapasa mfukoni kutafuta kalamu. "Kadi ya gari hili inasema rangi gani?"

Mama Klachi akatazama mbele, kupitia kioo alichokilipia mara nne: kwa bima, kwa faini, kwa punguzo na kwa masomo.

"Klachi, Mzee," alinong'ona.

Mzee Mstaafu akakanyaga klachi, akaingiza gia, akaachia taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kujifunza, gari halikuruka.